Remorki ya Muzee Jirani

Gazeti letu linanifikia huku Michigan, Marekani, kwa mikono ya wandugu wanaosafiri. Linachelewa, lakini likifika linapita nyumba kwa nyumba mpaka kurasa zake zinaachana. Leo naleta habari ya kazi ya mikono. Najua wengine watacheka. Yaya yangu wa Likasi alicheka wa kwanza, kiisha akakasirika. Aliona picha kwa simu, akauliza: «Ndugu, uko na nyumba, uko na kitanda. Sasa unatengeneza kasanduku ka kulala inje juu ya nini? Na sisi huku tole zinavuja?»

Ni ulizo la haki, na nitalijibu. Lakini kwanza nieleze kitu chenyewe, maana kwetu hakiko.

Ni remorki ndogo ya magurudumu mawili, ya kuvutwa na motokari. Wamarekani wanaiita tone la chozi, juu ya umbo lake. Ukiitazama kwa upande, mbele ni mviringo, nyuma inashuka na kuwa nyembamba, sawa tone la maji linaloanguka. Urefu wake ni karibu meta 2 na nusu, upana meta 1 na kidogo, na kimo vilevile. Hesabu hiyo haikutoka hewani. Huku triplex inauzwa kwa vipande vya futi 4 kwa futi 8, na mafundi wa kwanza hawakutaka kutupa hata kipande. Mutu mukubwa hawezi kusimama ndani. Anaingia kwa magoti, analala, basi. Jiko liko nyuma, kwa inje. Unainua kifuniko sawa kile cha nyuma ya motokari, unakuta meza ya kupikia, kabati, na sanduku la barafu. Mwenye kupika anasimama chini ya kifuniko kile, nacho kinamukinga na mvua.

Remorki za namna hii zilianza katika miaka ya 1930. Magazeti ya ufundi yalichapisha michoro yake, na mutu mwenye musumeno, nyundo na uvumilivu aliweza kujitengenezea yake nyuma ya nyumba. Vita ya pili ya dunia ilipoisha mwaka 1945, esanse haikugawiwa tena kwa kipimo, waaskari walirudi, familia zilitaka kutembea, na aluminiamu ya viwanda vya ndege ilibaki mingi. Mwaka 1947 gazeti la Mechanix Illustrated lilitoa muchoro mumoja ambao watu wengi waliufuata. Kiisha, katika miaka ya 1950 na 1960, motokari zilipata nguvu, barabara kubwa zilijengwa, na watu wakataka remorki za kusimama na kutembea ndani. Hizi ndogo zikaachwa nyuma ya nyumba, zikawa za panya.

Kulala porini kwa kupenda! Hapo njo yaya aliposhindwa kabisa. Kwetu katika miji ya migodi, neno kambi ni nyumba za kampuni zilizopangwa mistari, na mama wanaojua bei ya unga kuliko waziri. Huku kambi ni mapumziko. Mutu mwenye maji ya moto nyumbani analipa pesa ili aende kuchota maji kwa ndoo na kupika moshi ukimuingia machoni. Tulipofika mwaka 2015, mimi pia nilistaajabu.

Jirani yetu ni muzee aliyezaliwa mwaka 1944. Tunamuita Muzee tu, kwa Kiswahili, naye amezoea. Baba yake alikuwa mufanyakazi wa Willow Run, karibu na Ypsilanti, kiwanda ambamo Ford ilitengeneza ndege za bomu za B-24 wakati wa vita, zaidi ya 8,000. Mwaka 1948 baba ule alinunua vipande vya aluminiamu vilivyobaki, akatafuta chuma cha magurudumu katika Ford Model A iliyotupwa, akajenga remorki kwa kufuata muchoro wa gazeti. Mwana alikuwa na miaka 4. Kazi yake ilikuwa kushika sahani ya visi. Kiisha, kwa miaka mingi, walilala ndani yake kando ya maziwa ya Michigan, wazazi kitandani, mutoto miguuni pao juu ya ubao. Tangu mwaka 1971 haikutoka tena katika banda.

Mwezi wa 4 wa mwaka 2022, Muzee aliniita uani kwake. Mikono yake inatetemeka, hawezi tena kushika turnevisi. Watoto wake wanaishi mbali. Alikuwa karibu kuitoa kwa watu wanaonunua vyuma kwa kilo, lakini aliniona natengeneza baiskeli za watoto wa mutaa, akaniuliza kama naitaka. Bei ilikuwa dola 1, juu ya karatasi za serikali zinaomba bei iandikwe. Aliongeza lombo moja: pahali kitu cha zamani kinaweza kufanya kazi, tusiweke kipya.

Nilikubali kwa ajili ya mutoto wangu wa pili, kijana wa kiume. Alikuwa na miaka 15. Wazazi walio katika ugeni watanielewa bila maneno mengi. Alifika huku na miaka 8. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha kula na cha kulala, ndiyo papa, hapana papa, mengine yote Kingereza. Mulango wa chumba chake ulifungwa asubuhi na jioni. Pointi za masomo zilishuka. Tulimuombea, tulimukaripia, mama yake alilia. Maneno yaliniisha. Nilimuambia tu: «Siku ya posho, saa mbili ya asubuhi, uvae nguo za kazi.»

Alikuja akiwa amenuna, lakini alikuja.

Marehemu baba yangu alikuwa ajisteri katika atelye za Panda, pale Likasi. Maisha yake yalikuwa eto, tupa na kipimo. Aliniachia sheria mbili. Ya kwanza: kabla ya kufungua, chora. Ya pili: buloni ikitoka, nati yake irudishwe juu yake kwa vidole palepale, maana buloni na nati zilizoishi pamoja zinajuana. Kwa hiyo siku za posho mbili za kwanza hatukufungua hata visi moja. Tulipiga picha. Tulipasua makartoni makubwa, tukayabandika ubavuni mwa remorki, tukafuata umbo lake lote kwa kalamu. Mutoto aliona ni kupoteza wakati. Lakini mbao za ubavuni zilipotoka, zilitoka makombo, hazikuweza kutuonyesha kitu. Kartoni njo ilituongoza kukata triplex mupya sawasawa na ile ya mwaka 1948.

Kila kilichofunguliwa kiliingia katika mufuko mudogo wenye namba na jina. Mutoto njo aliandika majina. Siku ya kwanza aliandika kwa Kingereza. Nilimuambia, mimi njo nitakayesoma, andika kwa lugha yangu. Akaanza kuuliza: hii inaitwa nini, na ile? «Visi za mulango, kushoto.» «Bawaba ya kifuniko.» «Nati za resoro.» Siku moja nilisikia anajisemea peke yake kwa sauti ndogo: turnevisi, tupa, eto, riveti. Nilinyamaza kabisa. Mutoto wa miaka ile ukimupongeza, anaacha.

Kupima mbao hakuhitaji masomo makubwa. Nilimupa turnevisi nzee, nikamuambia sukuma. Pahali pazima pa muti panakataa. Pahali pabovu inaingia sawa katika bukari. Chini ya milango yote miwili iliingia mpaka mupini. Sababu yake ilikuwa kwa inje. Pembeni, pahali aluminiamu ya juu inakutana na ya ubavu, kunapita mukanda mwembamba wa chuma, na chini yake waliweka utomvu wa kuzuia maji. Utomvu ule ulikauka ukapasuka. Mvua ikaingia kwa matundu ya visi, ikakaa kati ya aluminiamu na muti, pahali jua halifiki. Tena, visi zilikuwa za chuma cha kawaida. Chuma na aluminiamu vikikaa pamoja ndani ya maji, vinakulana, na kuzunguka kila tundu tulikuta unga mweupe. Visi mupya tuliweka za chuma kisichoshika kutu, na chini ya mukanda utepe laini wa kunata, wa mupira, ambao haukauki upesi.

Sasa nije kwa lombo la Muzee, maana hapo tulibishana, yeye na mimi. Ninapenda vitu vya zamani, lakini siviabudu. Vipini vya milango, bawaba ndefu ya kifuniko, taa, resoro, chuma cha magurudumu, sanduku la barafu, jiko: hivi vyote tuliviosha, tukavitengeneza, vikarudi. Mbao tulibadilisha karibu zote. Waya za umeme zilikuwa zimevikwa kitambaa cha pamba, panya walikuwa wamezila, zilienda takatakani. Pine, hata kama zilionekana nzuri, nilikataa. Mupira wa miaka 50 umekufa ndani hata uking'aa inje, na ukipasuka barabarani unaua watu wasiokuwa na kosa. Vioo vya madirisha pia nilivikataa, maana vilikuwa vioo vya kawaida vinavyovunjika kuwa visu. Muzee alinyamaza siku tatu. Siku ya nne alileta mwenyewe anwani ya pahali wanapokata kioo cha usalama.

Tulipotoa triplex ya ndani, tulikuta upande wa nyuma wa aluminiamu umeandikwa kwa wino wa kiwanda, maneno yaleyale mara nyingi katika mistari: ALCLAD 24S-T. Njo jina la aluminiamu iliyotumiwa kwa ndege za wakati ule. Ndani yake ni mchanganyiko mugumu wenye shaba kidogo, na juu yake, pande zote mbili, kumevikwa ngozi nyembamba ya aluminiamu safi, ili hewa na maji visile ule ugumu. Muzee alikaa juu ya ndoo akasoma maneno yale kwa muda. Hakuwa ameyaona tangu baba yake alipofunga ukuta, na wakati ule hakujua kusoma.

Tazameni, vijana, kuna shaba ndani ya ndege. Ilitoka shimo gani sijui kusema, lakini nilifurahi kumuonyesha mutoto wangu kwamba kazi ya babu yake na ya baba wa Muzee zilikuwa zinakaribiana.

Na ile ngozi nyembamba ilitupa sheria nyingine. Watu wengi wa huku wanapenda kung'arisha remorki kwa mashini mpaka uione sura yako. Ukizidisha, unakula ngozi, unafika kwa ule mchanganyiko wa ndani, na hapo kutu yake inaanza upesi. Sisi tuliosha kwa sabuni, tukasugua kwa mukono na kitambaa laini, tukaacha. Kuna pahali imekunjamana na pahali ina alama ya jiwe. Iko sawa uso wa mutu mwenye miaka.

Rangi ya milango ilikuwa hatari. Rangi za zamani ziliwekwa risasi, na Marekani ilizikataza kwa nyumba mwaka 1978. Ukizisugua kavu, vumbi linaingia mapafuni, na watoto wadogo njo wanaumia zaidi, hata akilini. Tulisugua kwa maji, tukafunika pua na mudomo, watoto wadogo tukawakataza kukaribia, nguo za kazi hazikuingia nyumbani. Nyinyi mulio karibu na migodi sina haja ya kuwahubiria juu ya vumbi.

Magurudumu yalinipa furaha kuliko yote. Ford Model A ilitengenezwa kati ya mwaka 1927 na 1931, lakini wapenzi wake ni wengi hata mpaka leo kuna watu wanaofanya vipande vyake vipya. Nilisafisha katikati ya gurudumu kwa petroli ya taa, tukatoa rulema zilizokula kutu, mutoto akazitafuta kwa namba, na katika juma moja zikafika kwa posta. Resoro tuliachanisha jani kwa jani, tukasugua kutu, tukapaka mafuta, tukarudisha kwa mupango uleule. Hapo mutoto alifunga nati ya mwisho, na palepale akaniambia kwa Kiswahili chake: «Papa, zinajuana.» Nilienda kutafuta kitambaa ndani ya banda, kisichokuwepo.

Taa ya nyuma ni moja, ya kioo chekundu, nzito sawa jiwe. Motokari za zamani zilitumia umeme wa volti 6, za leo zinatumia 12. Tuliacha kikombe na kioo vya zamani, tukaweka ndani taa ndogo ya volti 12 na waya mupya. Taa moja haitoshi kwa sheria ya leo, basi tuliweka mbili nyingine chini, mupya kabisa, bila haya. Vilevile tuliweka minyororo miwili ya usalama, tukaipitisha msalaba chini ya shingo ya remorki, ili shingo ikitoka katika motokari ilalie minyororo, isichimbe barabara.

Jiko lilikuwa la Coleman, la mioto miwili, la kupampu. Muzee alisema limekufa zamani. Mimi nilicheka, maana nilikua na taa ya Coleman katika kanisa letu, na kila siku ya yenga jioni nilimuona muzee wa kanisa akiipampu. Pampu ikikataa, mara nyingi ugonjwa ni kale kakofia ka ngozi kaliko ndani. Kamekauka, hakashiki hewa. Nilikatoa, nikakaloweka katika mafuta, nikakapanua kwa vidole. Siku iliyofuata jiko liliwaka. Muzee aliniuliza nilisomea wapi.

Hapa niseme neno moja kwa wazazi, nalo si la remorki tu. Jiko lile liko inje, nalo halitaingia ndani hata baridi ikiwa kali namna gani. Moto wa jiko au wa mbabula ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyo na harufu, isiyo na rangi, na mutu anakufa amelala. Makala yakiwa mekundu bila moshi, musidhani yamekuwa mema. Watu wanakufa namna hii huku katika hema, na kwetu katika nyumba, wakati wa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7.

Nilisema nitajibu ulizo la yaya. Basi hesabu ni hii. Pine dola 180. Triplex na mbao dola 380, hata kama fundi mumoja wa viti alinipa vipande vya bure. Visi na utepe dola 95. Waya na taa dola 60. Rulema na grisi dola 70. Jumla dola 785, kwa miezi 16. Pesa hii ilitoka katika saa za nyongeza za usiku, na pesa ya masomo ya watoto wa yaya haikuguswa hata mwezi mumoja. Sisemi haya ili nijisifu. Nasema kwa sababu wandugu walio nyumbani wana haki ya kuuliza, na sisi wa huku tunapenda kujibu kwa hasira.

Lakini ulizo lilirudi, tena kali zaidi. Mwezi wa 8 wa mwaka 2023 tulipomaliza, bwana mumoja aliyepita na gari lake alisimama, akazunguka remorki mara tatu, akatoa bei: dola 4,500. Juma lile lile upepo ulikuwa umeinua tole za nyumba ya yaya, na mvua za mwezi wa 10 zilikuwa karibu. Usiku hatukulala. Nilimuuliza Muzee. Akajibu kwamba remorki ni yangu, karatasi inasema hivyo, nisimutazame yeye. Nilimuuliza mutoto. Akasema: «Uza, papa, kama ni juu ya shangazi.» Alisema kwa Kiswahili, nami niliona midomo yake.

Mama wa watoto njo alikata neno. Alisema: «Nyumba ya yaya ni tole makumi mbili. Tole tunaweza kuzitafuta. Hizi siku za posho za huyu mutoto, utazinunua soko gani?» Sikuwa na jibu. Bwana yule tulimushukuru, akaenda. Mwezi wa 9 na wa 10 nilifanya kazi usiku na nusu ya siku ya yenga, ambayo sipendi, na tulituma dola 260 kwa mara mbili. Tole zilipigiliwa kabla ya mvua kubwa. Kuna wandugu wanaosema kwamba kwa dola 4,500 nyumba ingepata tole, simenti na milango. Ni kweli, ingepata. Yaya mwenyewe hakusema hivyo, lakini wengine wanasema, na sina jibu litakalowafurahisha.

Usiku wa kwanza ndani ya remorki ulikuwa wa Muzee. Tuliisukuma mpaka chini ya muti wake, mama akatandika, mutoto akamushika mukono kuingia, maana kuingia kwa magoti na miaka 79 si kazi nyepesi. Sisi tulilala katika hema kando yake, juu ya hofu tu, kama angetuita. Hakuita. Asubuhi alikuwa wa mwisho kuamka, na jirani zote walikuwa wamekunywa chai.

Mwezi wa 7 wa mwaka 2024 tuliivuta safari ya kweli, zaidi ya kilometa 800 kwenda kaskazini. Sisi ni watu sita, na kitanda kile ni cha watu wawili, basi tulibeba hema pia na tukapokezana. Kabla ya kuondoka nilipima uzito wa shingo kwa mizani ya kujipimia watu. Remorki yote ilikuwa karibu kilo 400, na shingo kilo 48. Inatakiwa shingo ibebe kati ya sehemu 10 na 15 kwa mia ya uzito wote. Ikiwa nyepesi, remorki inaanza kucheza nyuma yako sawa mukia wa samaki. Hii hesabu nawapa hata nyinyi munaovuta mikokoteni nyuma ya motokari kwenda shambani: mizigo mizito mbele kidogo, si nyuma. Tulipita daraja la Mackinac, lililofunguliwa mwaka 1957, refu karibu kilometa 8, na upepo ulitusukuma, lakini remorki ilinyooka.

Tulikuwa tunaenda Keweenaw. Nilitaka watoto waone, juu ya pale palikuwa Likasi ya Marekani. Ni nchi ya shaba. Shaba yake ilikutwa chuma kitupu ndani ya mwamba, si kama yetu ya jiwe la kijani linalohitaji kuyeyushwa na kusafishwa sana. Shimo la Quincy, kando ya muji wa Hancock, lilichimbwa karibu miaka 100, likafungwa mwaka 1945. Kampuni kubwa ya Calumet ilisimama mwaka 1968. Mashini ya kuvutia watu na mawe kutoka chini bado iko pale katika nyumba yake, kubwa sawa kanisa, na watalii wanalipa ili waione. Nyumba za wafanyakazi zimepangwa mistari. Mutoto wangu wa kwanza alisema zinafanana na picha za kambi alikozaliwa mama yake. Nyingine zinakaliwa, nyingine miti imeota ndani.

Kijana wa pili hakutazama nyumba. Alisimama mbele ya buloni za ile mashini, nati moja ni kubwa kuliko ngumi mbili, akaniuliza ufunguo wake ulikuwa wa urefu gani, na babu alikuwa anashika kazi za namna hii ao ndogo. Nilimueleza mpaka mama akatuita kula. Tulipika sombe juu ya jiko la Muzee, karibu na ziwa, na Wamarekani wa hema jirani walikuja kuuliza ni majani gani.

Leo kijana yule ana pointi za kutosha, si za kwanza, na siku za posho anasomea kuunganisha vyuma katika shule ya ufundi. Mulango wa chumba chake bado anaufunga, lakini anaufungua.

Kipande kimoja bado kinakosekana: mupini wa sanduku la barafu. Ulipotea kabla Muzee hajatupa remorki, na tumeutafuta katika masoko ya vitu vya zamani mpaka tumechoka. Sasa kijana anaufanya mwenyewe kwa kipande cha shaba nyeupe, kwa tupa, akifuata picha ya mwaka 1953 ambamo mama wa Muzee amesimama mbele ya jiko na mukono wake umeficha nusu ya kile tunachotafuta. Wa kwanza ulitoka mufupi. Wa pili Muzee aliukataa, akasema haukuwa mviringo namna ile. Wa tatu uko ndani ya eto.